Baragumu Nyuma ya Mlango: Atoke na Chombo Gani?

Mpenzi wa taarabu aliyezoea kumwona kila mpigaji ameketi mbele yake, wa fidla na fidla yake, wa udi na udi wake, huenda akastaajabu akiambiwa kwamba katika okestra kubwa za Ulaya na Marekani iko desturi ya kumtoa mpigaji mmoja nje ya ukumbi, akasimamishwa ushorobani au nyuma ya mlango, kisha akaambiwa: hapo hapo ulipo, piga, na upige vizuri kuliko hawa waliobaki ndani. Si adhabu hiyo. Ni heshima, tena heshima ya kumtoa mtu jasho. Mpigaji huyo aghalabu ni wa ala za shaba, na siku nyingi kabla ya usiku wa maonyesho huwa amekwisha kusumbuka na swali ambalo wenzake walioketi jukwaani hawana haja ya kujiuliza: nitoke na chombo gani?

Yuko atakayesema kuwa swali hilo ni dogo. Tarumbeta si tarumbeta tu? Lakini mtu wa mwambao hapaswi kusema hivyo. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, ambazo leo zote zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu, hazikuwa vyombo vya kubadilishana ovyo; kila moja ilikuwa na mji wake, na watu wake, na heshima yake. Na wazee wetu waliocheza beni, kundi hili likishindana na kundi lile kwa sare na kwa bendi, walijua wazi kuwa chombo kibovu chaweza kuliaibisha kundi zima mbele ya mji. (Hukumu ya ala za muziki katika dini ni mlango wa masheikh, nami sikuja kuufungua hapa. Nazungumzia sanaa ya watu na namna wanavyoitenda.)

Desturi yenyewe ni ya zamani. Chukua mfano wa Beethoven. Katika opera yake iitwayo Fidelio, mtu aliyefungwa bila ya haki yuko shimoni, na gavana wa gereza amekwisha kushuka na jambia kuja kumwua. Pale pale inasikika tarumbeta kutoka juu: waziri amewasili, na dhuluma imefikia kikomo. Mlio huo Beethoven aliutia pia katika muziki wa ufunguzi alioutungia opera hiyo mwaka 1805 na tena mwaka 1806, vipande ambavyo leo vyaitwa Leonore namba 2 na Leonore namba 3. Mpigaji husimama nje na hupuliza mara mbili. Hapa uchaguzi haumpi mtu tabu. Mlio ni wa askari mlinzi, wataka makali, na tarumbeta ndiyo yenyewe.

Wapiga tarumbeta wana kisa wanachosimuliana juu ya kipande hicho, nami nakisimulia kama kisa tu. Wasema mpigaji mmoja alikuwa amesimama ushorobani, tarumbeta i mdomoni, anangoja zamu yake. Zamu ikafika, akavuta pumzi, mara akadakwa mkono na bawabu wa jumba. "Wewe bwana huna haya? Huwezi kupiga kelele hapa, ndani watu wana muziki!" Na ndani, kiongozi wa okestra ameinua kijiti, watu wametega masikio, na waziri haji.

Baada ya Beethoven, aliyeipenda zaidi desturi hii ni Gustav Mahler, aliyezaliwa Bohemia mwaka 1860. Simfoni yake ya kwanza, iliyosikika Budapest mwaka 1889, yaanza kwa ukimya wa alfajiri na tarumbeta zinazolia kutoka mbali kabisa. Ya pili, iliyopigwa yote kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1895, yaishia kwa picha ya Siku ya Kiyama, na ala za shaba zilizowekwa nje ya ukumbi ndizo zinazowaita wafu. Msomaji wetu hana haja ya kufafanuliwa hilo. Habari za parapanda amezisoma tangu chuoni. Mwitaliano Ottorino Respighi naye, katika Misonobari ya Roma ya mwaka 1924, aliweka tarumbeta ya nje juu ya makaburi ya chini ya ardhi, akaagiza iwe mbali kadiri iwezekanavyo.

Lakini haya yote ni tarumbeta, na mwenye kupiga hana shaka aitwapo. Shaka imo katika simfoni ya tatu ya Mahler.

BARAGUMU LA MTU WA POSTA

Mahler aliiandika simfoni hiyo hasa katika likizo za kiangazi za mwaka 1895 na 1896, katika kibanda kidogo kando ya ziwa Attersee, huko Steinbach nchini Austria. Ni kazi ndefu; yachukua zaidi ya saa moja na nusu, na sehemu yake ya kwanza peke yake yapita nusu saa. Ilipigwa yote kwa mara ya kwanza mjini Krefeld, Ujerumani, tarehe 9 Juni 1902, Mahler mwenyewe akiongoza. Zimo sehemu sita. Ile ya tatu alikuwa ameipa jina lenye maana ya mambo anayohadithiwa na wanyama wa msituni, ingawa baadaye majina yote ya namna hiyo aliyafuta. Wanyama wanaruka, wanachokozana, ndege wanadakizana. Kisha, bila ya mtu kutazamia, msitu wanyamaza, na kutoka mbali yasikika sauti ya baragumu linaloimba wimbo wa polepole. Ni binadamu anapita. Wanyama wanamsikiliza. Kwa wapiga fidla walio jukwaani Mahler ameandika agizo kwamba wapige kama watu wanaotega sikio.

Na juu ya mistari ya yule mpigaji wa nje ameandika: baragumu la posta.

Hilo ni chombo gani? Kabla ya garimoshi kuenea, barua na abiria wa Ulaya walisafirishwa kwa magari ya farasi, na mwenye gari alichukua baragumu dogo la shaba, mara nyingi lililokunjwa duara. Alilipuliza ili wa njiani wampishe, walinzi wafungue lango la mji, na kituo kinachofuata kitayarishe farasi wapya. Watu walilisikia kabla ya kuliona gari, na moyo wa kila mtu ukapiga: nina barua leo, au sina? Mpaka hivi leo picha ya baragumu hilo ni alama ya posta ya Ujerumani. Mozart alilitia chombo hicho katika serenadi yake ya mwaka 1779, lakini akakipa kile tu kilichoweza, yaani mlio mfupi wa njiani, kwani baragumu lisilo na vitufe lina sauti chache za asili yake na zaidi ya hizo halina.

Mahler alikulia Iglau, mji uliokuwa kwenye njia ya kale baina ya Prague na Vienna, wenye kambi ya askari na bendi yake, na baba yake alikuwa na kilabu cha pombe. Milio ya barabarani ilimwingia tangu utotoni. Lakini alipoiandika simfoni ya tatu, garimoshi lilikuwa limekwisha kuyasukuma magari ya farasi kando. Baragumu analolileta si la mtu anayepita leo. Ni la mtu aliyepita zamani, na sikio bado lamkumbuka.

Wachambuzi wameuhusisha wimbo huu na shairi la Nikolaus Lenau juu ya dereva wa gari la posta. Usiku wa mwezi wa Mei dereva anasimamisha farasi karibu na makaburi, kwa sababu pale amezikwa mwenzake wa kazi. Anampigia wimbo alioupenda, na mwangwi unaorudi kutoka mlimani ni kana kwamba marehemu anaitikia. Mtu akilijua jambo hilo haoni tena kuwa mpigaji amewekwa mbali kwa ajili ya mapambo. Umbali wenyewe ndio habari. Na ikiwa chombo kitalia kama kiko chumba cha pili, au kitakwaruza, au kitapotea kabisa, basi habari haikufika.

WANAOGOMBEA KAZI

Tabu ni kwamba Mahler aliandika jina la baragumu la posta, lakini wimbo alioutunga unapanda na kushuka kwa sauti ambazo baragumu fupi la kale halikuwa nazo. Ni wimbo wa mwimbaji: pumzi ndefu, kimo cha juu, na sauti za kati zinazotaka kuunganishwa bila ya mshono. Lazima chombo chenye vali, yaani vile vitufe au vilango vinavyorefusha njia ya pumzi. Yalikuwako katika karne ya 19 mabaragumu ya posta yaliyotiwa vali, na wako mafundi wa leo wanaoyatengeneza upya kwa ajili ya wimbo huu hasa. Mtu aweza basi kusema mambo yamekwisha: atafute hilo, apige hilo.

Wengine wamefanya hivyo, na likitoka vizuri hakuna lililo tamu kama hilo. Sauti nyembamba kidogo, ya kitu cha kijijini, si ya jeshi wala si ya kasri. Lakini mpigaji wa okestra hushika tarumbeta yake kila siku ya Mungu, na baragumu hili analishika labda kwa majuma machache, kisha miaka ipite asiliguse. Halijui vyema na lenyewe halimjui. Sauti moja yakaa sawa, ya pili yapanda, ya tatu yashuka, na kila moja yataka kurekebishwa kwa mdomo. Kulikodi au kulinunua ni gharama. Na wimbo wenyewe haumpi nafasi ya kujificha: chini yake ni fidla tu, juu kabisa, kimya kimya, zimeshikilia sauti kama meza iliyopigwa randa. Kitu kilichopinda kikiwekwa juu ya meza hiyo, kila mtu ataona.

Kwa hiyo wengi huchukua flugelihoni. Asiyelijua jina aijua sauti, maana marehemu Hugh Masekela wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2018, ameisikilizisha Afrika nzima, na kabla yake Miles Davis alirekodi nayo sahani nzima, Miles Ahead, mwaka 1957. Ukiinyoosha, bomba lake lina urefu ule ule wa tarumbeta ya kawaida, karibu mita moja na nusu, na vali zake ni tatu vile vile. Tofauti ni umbo. Bomba la tarumbeta sehemu kubwa ni sawasawa, kama mwanzi, halafu lapanuka mwishoni. La flugelihoni laanza jembamba na laendelea kupanuka karibu njia nzima, kama pembe ya mnyama. Na kile kipande cha kupulizia, ambacho kwa tarumbeta ni kama kikombe kifupi, kwa flugelihoni ni kirefu kama faneli. Kwa sababu hizo sauti yake haina ncha. Ni ya kahawa iliyokolea, si ya ndimu.

Kwa wimbo wa Mahler hilo ni jambo jema, ila flugelihoni nayo ina ila yake. Chini na katikati yatulia kama mtu aliyeshiba, lakini ikipandishwa juu na kuambiwa ikae huko kwa muda mrefu, tena kwa upole, huanza kuyumba, na mpigaji huwa ni kama apandaye mnazi mwembamba siku ya upepo. Ule wimbo wapanda juu na wakaa huko.

Hapo ndipo linapoingia pendekezo la koneti. Hii ni ndugu wa kati: bomba lake lapanuka zaidi kuliko la tarumbeta, si kwa kadiri ya flugelihoni. Ina upole wa kutosha na juu haimtupi mtu. Wako wanaoamini kwamba hiyo ndiyo suluhu, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa koneti na baragumu la posta zina udugu wa damu: koneti za kwanza huko Ufaransa zilitokana na baragumu la posta kutiwa vali katika karne ya 19. Asiyetaka koneti hukimbilia tarumbeta yenyewe, hasa ile ya Kijerumani na Kiaustria ambayo vali zake huzunguka badala ya kushuka na kupanda, na ambayo sauti yake ni ya mviringo zaidi. Mwingine hujaribu hila ya kubadilisha kipulizio, atie chenye kina kirefu katika tarumbeta ya kawaida ili aivunje makali. Hila hiyo husaidia kidogo, lakini kipulizio cha flugelihoni hakiingii vizuri katika tundu la tarumbeta, na mara nyingi anayelazimisha huharibu uwiano wa sauti zote.

MAHALI KWANZA

Kwa maoni yangu, wengi huanzia mwisho. Hukaa wakabishana juu ya chombo, kila mmoja chumbani kwake, hali swali la kwanza ni: utasimama wapi?

Hebu tutazame sauti inavyokwenda. Katika hewa ya joto la digrii 20 za Selsiasi, sauti yasafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Mpigaji akiwa mita 40 kutoka kwa okestra, sauti yake yachelewa kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kidogo hiyo, lakini katika muziki ni nyingi; akipiga sawasawa na anachosikia kutoka ndani, huchelewa mara mbili, kwa kuwa aliyoyasikia yalikwisha kuchelewa njiani kabla ya yake kuchelewa kurudi. Lazima apige mbele ya sikio lake. Zamani aliwekewa msaidizi wa kiongozi, amesimama penye ufa wa mlango, akichungulia ndani na kuupitisha mkono nje. Siku hizi huwekewa kamera na kioo cha televisheni, akamwona kiongozi kama aonavyo taarifa ya habari. (Wenyewe humwita kiongozi huyo kondakta. Msomaji asimchanganye na yule wa matwana, ingawa wote wawili kazi yao ni kuwaambia watu lini waondoke.)

Jambo la pili ni baridi. Sauti ya chombo cha kupuliza yategemea joto la hewa iliyo ndani yake. Kila digrii moja ikipungua, mwendo wa sauti wapungua kiasi cha sentimita 60 kwa sekunde. Ushoroba ukiwa na baridi kuliko ukumbi kwa digrii 5, na hewa ya ndani ya chombo ikapoa kwa kiasi hicho, sauti yashuka kwa karibu asilimia moja, yaani kama sehemu ya sita au ya saba ya nusu sauti nzima. Asiye na mazoezi hatajua ni nini, atahisi tu kwamba wimbo umechoka. Mwenye sikio atakunja uso. Ndiyo maana mpigaji wa nje hukikumbatia chombo chake kama mama na mtoto, akakipulizia pumzi ya moto bila ya kukiliza, dakika baada ya dakika, na hata hivyo hukiweka juu kidogo kuliko alivyokiweka ukumbini.

Jambo la tatu ndilo linaloamua chombo. Sauti yoyote ina ncha na ina mwili. Ncha ndizo zile sauti nyembamba za juu ambazo sikio huzitumia kutambua kuwa kitu kiko karibu. Zikipita ushorobani, zikagonga ukuta, zikapenya pazia na mlango nusu wazi, ncha huliwa kwanza na mwili hubaki. Kwa hiyo tarumbeta kali iliyowekwa mbali, nyuma ya kona mbili, hufika ukumbini ikiwa imekwisha kulainishwa na nyumba yenyewe, na mtu aliyeketi ndani aweza kuapa kwamba amesikia flugelihoni. Na flugelihoni, ambayo haikuwa na ncha tangu mwanzo, ikiwekwa pale pale hufika bila ya sura: uvumi tu, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi.

Ukumbi wenye ushoroba mrefu na kona zake basi wataka chombo chenye mwanga, koneti au tarumbeta ya vali za kuzunguka. Ukumbi ambao mpigaji hana pa kwenda ila nyuma ya mlango wa jukwaa, au juu kwenye roshani tupu, wataka flugelihoni au baragumu la posta lenyewe, kwa kuwa pale nyumba haitamsaidia. Ulaini atoke nao yeye. Na mlango wenyewe ni sehemu ya ala. Ufunguliwe kwa kiasi cha kiganja, sauti ina umbali; ufunguliwe wote, mtu amehamia ndani. Siku ya mazoezi hufaa apatikane mwenye sikio la kuaminika, akaketi katikati ya viti vitupu, mpigaji akapiga mistari minne kwa chombo hiki na minne kwa kile, bila ya kuambiwa ni kipi, kisha akasema ni kipi kilichomfanya ageuze kichwa. Mpigaji mwenyewe hawezi kuwa hakimu, kwani masikio yake yako upande usio sahihi wa chombo.

Tena asisahau kwamba kumbi tupu na kumbi zilizojaa watu si kumbi moja. Miili na nguo za watu hunywa sauti. Kilichotosha mchana huenda usiku kisitoshe.

Wako watakaoniuliza: na amri ya mtunzi je? Ameandika baragumu la posta. Nani amempa mtu ruhusa ya kubadilisha? Hoja hiyo naiheshimu, maana mimi ni mtu wa mashairi na najua uchungu wa mhariri anayebadilisha neno kwa sababu yeye halijui. Lakini Mahler mwenyewe alikuwa kiongozi wa okestra, na kuanzia mwaka 1897 mpaka 1907 aliongoza jumba la opera la dola mjini Vienna; hakuwa mtu asiyejua vyombo. Aliyemwekea baragumu dogo wimbo uliolizidi uwezo alijua alifanyalo. Naona alitaka msikilizaji aseme moyoni, lile ni baragumu la posta, hata kama mkononi mwa mpigaji pana kitu kingine. Aliyechukua tarumbeta kwa sababu hiyo, na akaifanyia kazi mpaka ikasahau kuwa ni tarumbeta, hakumkosea mtunzi. Aliyeichukua kwa sababu tu ndiyo anayoizoea, na anataka usiku upite salama arudi kwake, huyo amemkosea, na msikilizaji hujua hata asipoweza kueleza.

Ila usalama nao si kitu cha kudharauliwa na sisi tuliokaa vitini. Mtazame mtu huyo. Kama hakupiga sehemu ya kwanza, yuko nje kwa karibu saa nzima tangu muziki uanze, midomo imepoa, koo imekauka, na anasikia ndani mambo makubwa yakipita bila yeye. Kama yumo katika kundi la tarumbeta, amepuliza nusu saa ya kelele za sehemu ya kwanza, midomo ikavimba, kisha yampasa aondoke kitini taratibu na kwenda kuimba kwa upole kuliko alivyowahi kuimba. Halafu sauti ya kwanza. Hakuna wa kumtangulia, wala ngoma ya kumfunika. Ikipasuka sauti hiyo, hata mara moja, ndiyo watakayoikumbuka watu njiani kurudi nyumbani, na ile saa moja na nusu nyingine itasahauliwa. Na akimaliza, wanyama wa msituni hurudi na fujo zao, kisha aitwa tena mara ya pili, kwa wimbo ule ule, sasa amechoka zaidi na chombo kimepata kupoa tena.

Wachache kati ya hawa walipata majina yao kuandikwa. Katika santuri ya simfoni hiyo aliyoirekodi Leonard Bernstein pamoja na New York Philharmonic mwaka 1961, jina la John Ware limetajwa kwa baragumu la posta, sambamba na la mwimbaji Martha Lipton. Mwenye kuipata aisikilize sehemu ya tatu usiku, taa zikiwa zimezimwa na kelele za barabarani zimetulia, kwa kuwa mchana haisikiki.

Ukumbini mambo huwa hivi. Baada ya wimbo wake wa pili zimebaki sehemu tatu nzima, kuna mwimbaji wa kike, kuna kwaya ya wanawake na watoto, na kuna ile sehemu ya mwisho ndefu ya fidla. Mpigaji wa nje, kama hana kazi nyingine jukwaani, hufuta chombo chake, hukaa kwenye kiti cha ushorobani, na husikiliza kupitia ukutani. Makofi yakianza, kiongozi huinama, huwainua waimbaji, kisha hunyoosha mkono kuelekea mlangoni. Mlango hufunguliwa, na mtu aliyevaa suti nyeusi hutoka akipepesa macho kwa mwanga wa taa, ameshika chombo kifuani. Hapo ndipo watu huinuka kidogo vitini na kunyoosha shingo, wapate kuona alikuwa na nini mkononi.